Mwendo wa Kitwitwi

Twii-wii-wii! Mlio ule ulitufikia tukiwa bado tunapanda ukingo wa udongo, kabla hatujayaona mabwawa ya maji taka ng'ambo ya Komarock. Dada yangu akanishika mkono.

"Huyo ni yupi?"

Sikujua. Naye hakujua, na kesho yake angesimama papo hapo mbele ya mtaalamu wa ndege aliyekuwa akitafuta msaidizi wa kuhesabu ndege ziwani. Asipowatambua, angerudi kwenye malango ya viwanda karibu na Mukuru kwa Njenga, ambako tangu Krismasi alikuwa akipanga foleni ya kibarua na kurudi nyumbani Jericho na vumbi tu.

Mvua ndefu zilikuwa zimeanza. Nyasi zilikuwa zimechipuka mpaka kwenye kingo, na ndege waliokuwa wakijishibisha kabla ya safari ya kaskazini walijaa matopeni. Kwetu sisi, vitwitwi, wale ndege wadogo wa kandokando ya maji, wote walikuwa wa rangi moja: hudhurungi mgongoni, weupe tumboni.

"Kitabu cha ndege kinasema huyu ana madoa mgongoni," nilisema, jicho kwenye darubini tuliyoazimwa na jirani, dereva wa watalii.

"Kila mmoja hapa ana madoa. Ni matope!"

"Basi mngoje aoge."

"Hebu nyamaza, mdomo kama redio ya kinyozi."

Alitaja jina, kitabu kikamkatalia. Akataja tena, akakosea. Mwishowe akaketi nyasini, uso kwenye magoti. Hapo nikakumbuka mchezo wetu wa jioni mtaani. Nyumba zetu zilijengwa sawa, watoto walivaa sare moja, kwa hiyo tulizoea kukaa mlangoni na kumtaja anayekuja kwa mbali, kwa mwendo wake tu, kabla uso haujaonekana.

"Funga kitabu," nikamwambia. "Yule pale anatoka sokoni. Ni nani?"

Aliinua kichwa. Kitwitwi mmoja alikuwa akitikisa mkia bila kupumzika, hata aliposimama.

"Jirani yetu wa mlango wa pili," akasema, akaanza kucheka. "Anagombana na muuza mboga za sukuma wiki."

"Na yule mwenye miguu mirefu?"

"Mzee wa kanisa. Hataki kulowesha suruali."

Mzee wa kanisa akaruka juu, kiuno chake kikang'aa cheupe, akalia mlio mkavu: chif-chif-chif! Jirani akaondoka chini chini juu ya maji, mabawa yakitetemeka: twii-wii-wii!

"Kumbe!" Dada akasimama wima. "Ni watu wawili tofauti kabisa!"

Hapo ndipo tulipofungua kitabu tena, tukawapa majina yao ya kweli.

Kesho yake mtaalamu alielekeza kidole upande wa pili wa bwawa, na dada, kwa haraka, akajibu: "Mzee wa kanisa!" Aliniambia baadaye kwamba alitamani ardhi immeze. Lakini mtaalamu aliuliza kwa nini. Akaeleza mwendo, kiuno, mlio, kisha jina la kitabuni. Mtaalamu akamwonyesha ndege mwingine, na mwingine, akitaka kusikia kila mmoja anafanana na nani.

Jumamosi mama alimwombea dada kwa safari yake ya kazi ziwani, sala ndefu iliyopitia kila kijiji cha njiani.

"Amina, mama! Basi litaniacha!"

"Ngoja, sijafika ziwani."

"Nitafika mimi!" Akambusu, akainua sanduku, akatoka mbio, na mlango ukajifunga kwa kishindo nyuma yake.