Mtani Aliyeshika Kamba ya Nyuma

Mkokoteni wetu ulitaka watu wawili. Mmoja anavuta mbele, mwingine anasukuma nyuma, na kwenye mteremko yule wa nyuma ndiye breki: anashika kamba na kukita visigino ili mzigo usimlalie mwenzake. Miaka ya hamsini, kwenye shamba la mkonge upande wa Pangani, mimi nilikuwa wa mbele. Nyuma alikuwapo Mnyamwezi mmoja, mtani wangu. Tulikuwa tukitengeneza reli ndogo za kubebea mkonge, na kule ambako reli haikuwa imefika tulipeleka mitaimbo, jeki na spana kwa mkokoteni huo, juu ya visiki na mawe.

Mimi ni Mbondei, na sisi na Wanyamwezi tulitaniana tangu enzi za babu zetu. Akikuta ugali wangu anaula, nami siruhusiwi kununa. Kila asubuhi alinitukana, mimi na ukoo wangu wote, mpaka usingizi ukanitoka. Pale kambini sikuwa na mke wala ndugu. Matusi yake ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yangu.

Siku moja tulikuwa tukishuka korongoni, wakata mkonge wanatutazama, akailegeza kamba. Kidogo tu, ili nikimbie, watu wacheke. Mkokoteni ukanizidi nguvu, nikaruka pembeni, vyombo vyote vikamwagika kijitoni. Sikuumia hata kidogo. Lakini mimi nina hasira za karibu, hilo sikatai. Nikainuka na matope yangu, nikamwambia mbele ya wote:

"Kuanzia leo usinitanie. Mimi na wewe hatujuani."

Kicheko kilikatika. Mtani hakasirikiwi, hata watoto walilijua hilo. Yeye aliingia majini, akaokota spana moja moja, akazipanga. Kesho yake akamwomba mnyapara amhamishie kwenye korona, mashine ya kukwangua majani ya mkonge yatoke nyuzi.

Mnyapara alisema atanitafutia mtu mwingine, nami kwa kiburi nikasema simtaki. Nikawa napunguza mzigo nusu, naenda safari mbili. Kwenye miteremko nilifunga gogo nyuma, liburuzike badala ya breki. Lilifanya kazi vizuri, ila gogo halisemi. Nilianza kuugombeza mkokoteni kwa sauti, kwa nini unavutia kushoto, halafu nikijisikia naona haya. Tukikutana kisimani, mtani aliniuliza habari za kazi, nikasema nzuri. Mara ngapi nilitaka kumwomba radhi! Ulimi ulikuwa mzito.

Mwaka uliofuata mama yangu akafariki kwetu, Muheza. Kwenye msiba, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kufanya fujo: analala kaburini, hatoki mpaka apewe kuku, na wafiwa wanajikuta wanacheka. Nilipomwona anakuja na watu wa kambini, nilifurahi, na mama yangu bado yumo ndani hajazikwa.

Alivua kofia. Akanipa mkono.

"Pole sana, bwana. Mungu ampumzishe mama."

Akakaa mkekani na wageni wengine, kimya, mpaka tukazika. Kaburini alitupia udongo wake akasogea pembeni. Kisha akaja kuniaga kwa adabu zote. Nilitaka kumwambia arudi anitukane, amtukane hata marehemu.

"Ahsante kwa kuja, bwana," nikasema.