Mateso Yana Mwenyewe

Mama Mateso, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kalemie, hakuwa mtu wa kuchezea. Ukimwuliza kwa adabu jina lake mwenyewe, Mateso, lilitoka wapi, alikueleza huku akipepeta ndagala mchanga utoke. Ukimwuliza kwa kicheko, ulirudi nyumbani bila mboga.

Alichukia hasa watu kuchanganya maneno. Taabu, alisema, huja yenyewe, kama ziwa linapochafuka na mitumbwi ikarudi mitupu. Mateso hayaji yenyewe. Kuna mtu aliyeyaleta, na mtu huyo ana mikono. Mama yake alipigwa akiwa na mimba yake, na kwa kuwa hakuwa na wa kumshtakia mumewe, alifanya walichofanya wanawake wengi: alimtupia maneno kupitia jina la mtoto. Kila baba atakapomwita binti, asikie kosa lake. Baba hakumwita hata siku moja. Alisema "wewe" mpaka akazikwa. Jina likabaki kwa asiye na kosa, na upuuzi huo ulimchoma Mama Mateso maisha yote.

Basi mwanawe Mwamba, fundi wa karakana ya reli, akapata binti. Serikali ya Zaire ilikuwa imekataza majina ya ubatizo, na desturi ilitaka mtoto arithi jina la bibi yake. Siku ya kumtoa mtoto nje, mbele ya wakwe na majirani, Mwamba akasimama kifua mbele.

"Mama, mutoto ninamupa jina yako. Hiyo njo heshima yako."

Mama Mateso hakumtazama. Alikuwa akimtazama mkamwana wake Elisabeth, ambaye nyumbani bado walimwita kwa jina hilo la ubatizo. Mkamwana alikuwa amejifunika kitenge mpaka shavuni, na jua linawaka. Mama Mateso akalifunua shavu lile. Lilikuwa limevimba.

"Heshima gani?" akafoka. "Umemupiga huyu, kisha unamubebesha mutoto? Nimebeba kosa ya baba yangu tangu kuzaliwa. Huyu hatabeba yako! Ataitwa jina ya bibi yake mwingine, mama ya Elisabeth. Mateso njo wewe. Kuanzia leo, njo jina yako."

"Mama, mbele ya watu..."

"Njo mbele ya watu nataka!"

Wakwe wakakodolea mikeka macho. Ndipo Elisabeth, ambaye siku zote alimwita mumewe Papa, akasimama na kumnyooshea mtoto.

"Mateso," alisema, "shika mutoto wako."