Kosa Alilobebeshwa Robi

Robi alizaliwa Nyakunguru, kwenye nyumba ambayo wanaume wake walichimba dhahabu na wanawake wakaponda mawe. Yeye aliponyoka kwa hesabu. Alisomea umeme, akaolewa na Magige wa Mugumu aliyesoma naye darasa moja, na wote wawili wakaajiriwa na mradi uliokuwa ukiunda gari la watalii lisilotumia dizeli. Gari hilo lilipata umeme wake kwenye seli zinazolishwa hidrojeni. Magige alikuwa mkuu wa karakana. Robi alipewa konveta, chombo kinachopokea umeme wa seli na kuupandisha hadi nguvu inayotakiwa na mota.

Alihangaika nayo kwa miaka. Konveta za kununua zilichemka na kupoteza umeme bure. Ya kwake, baada ya kadhaa kuungua, ungeweza kuigusa kwa kiganja gari likiwa limetoka tu kupanda mlima. Tena aliifunza upole. Seli za hidrojeni hazipendi kushtuliwa; ukizikamua ghafla zinakosa pumzi na kuharibika ndani kwa ndani. Kwa hiyo aliipanga konveta iongeze mzigo taratibu.

Siku wafadhili walipokuja, gari lilijikokota kilimani. Magige akaona aibu. Akafungua kompyuta aondoe kile kikomo cha Robi kilichopandisha mzigo taratibu.

"Usifanye hivyo, Baba Irine," Robi alimwambia kwa sauti ya chini. "Utaziua seli."

"Leo tu. Wageni hawakuja kuangalia kobe."

Gari likapanda kama linafukuzwa. Wafadhili wakapiga makofi, na Magige akawapandisha kwa zamu mpaka wakatosheka. Wiki haikuisha, seli zikafa.

Meneja wao, mzee Nikolaus, akataka maelezo. Jioni ile Magige aliisukuma pembeni sahani ya ugali.

"Nimemwambia ni konveta."

Robi alidhani hakusikia vizuri. "Konveta yangu?"

"Nikifukuzwa mimi, mradi unakufa na wewe huna kazi. Ukiondoka wewe, mimi nabaki, Irine anasoma. Jina la mwanamke linasahaulika upesi, Mama Irine."

Mama mkwe alikuwa pale pale akichambua mboga. Hakuuliza konveta ni kitu gani. Alisema tu, "Mke humfunika mumewe, mwanangu."

Kesho yake Robi alisimama mbele ya Nikolaus akakubali kosa. Mzee yule, aliyekuwa na wafadhili siku ile akapiga makofi kuliko wote, hakumtazama usoni.

Mradi ukahamia Arusha, Magige akaenda nao. Robi alimchukua Irine wakapanga chumba Sirari, akawa anafunga inveta za sola kwenye maduka. Jina lake halikusahaulika. "Si wewe uliunguza gari la wazungu?" wateja walimuuliza, wengine kwa utani, wengine wakitaka bei ishuke. Magige alikuja kila mwezi, kisha kila sikukuu, kisha ikawa simu tu.

Mara ya mwisho alimpigia Robi akiwa juu ya ngazi, dukani kwa mtu.

"Ile konveta, mzigo ulikuwa umeupangaje? Seli mpya zimeanza kulegea."

Ilimjia Robi amjibu kwamba chombo kibovu hakiulizwi siri zake. Lakini akaiona konveta yake ndani ya lile gari, ikilazimishwa tena kufanya alichoikataza, na moyo ukamshinda. Akamweleza yote, hatua kwa hatua, naye Magige akirudia kila neno.

"Sawa. Usimwambie mtu kwamba nimekuuliza."

Nyuma ya Magige kuna mtu aliita, "Injinia, tuko tayari." Simu ikakatika.

Robi alishuka, akaomba maji ya kunywa. Mwenye duka akamuuliza kama anaumwa, akasema hapana.

Irine alipotoka shule, Robi alimwambia kwamba baba yake amepiga, anamsalimia sana. Magige hakuwa amemtaja.