Mbao Mbili Zilizobaki Miyuji

Niliporudi nyumbani Busi kwa likizo ya mwaka wangu wa pili katika chuo cha ufundi, nilikuta mistari miwili ya kijani imepita bondeni chini ya nyumba yetu, imenyooka kuliko matuta ya mkulima yeyote. Ulikuwa uwele, umeota ndani ya alama za magurudumu.

"Hilo si shamba langu," mama alisema. "Ni la gari."

Kisha akanieleza. Wiki tatu zilizotangulia, mvua za kwanza ziliponyesha, gari la mwindaji lilinasa kwenye udongo mweusi wa bonde lile. Mama alikuwa kisimani. Aliporudi alikuta kihenge chake, kapu kubwa la kuhifadhia nafaka, kimefunuliwa, na masuke ya uwele aliyoyaweka kwa ajili ya mbegu na miezi ya njaa yametandikwa topeni ili magurudumu yapate pa kukanyaga. Jirani aliliona gari likiondoka: mbele, juu ya bampa, lilikuwa na pembe za pofu, yule swala mkubwa, zilizokazwa kwa bolti. Mama alisimulia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kumaliza hasira yake. Yangu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Nilizibeba pembe zile moyoni hadi nikahitimu.

Miaka ile serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria. Mwenye uwezo alijinunulia gari, na mwenye gari alitafuta kibali cha kuwinda. Niliajiriwa katika karakana moja Miyuji, mjini Dodoma, iliyotayarisha magari ya safari hizo, na asubuhi moja ya Desemba, mawingu yakiwa yameinamia mji, pembe zile ziliingia getini.

"Fundi," alisema mwenye gari, mfanyabiashara mnene mwenye koti jipya la mvua, "nataka gari ambalo halitanifanya niombe msaada. Watu wa kule Busi ukiwaomba wasukume, wanaanza hadithi."

"Shikamoo, Mzee. Mara ya mwisho walikusukuma?"

"Marahaba. Walikuwa wapi? Nilijiokoa mwenyewe. Nilikuta manyasi ndani ya kapu moja kubwa, nikatandika, nikapita."

Manyasi. Niliinama chini ya boneti ili asiuone uso wangu.

Nililitayarisha gari lile kama mtu anayefanya mtihani. Nilibadilisha mkanda wa feni, nikasafisha chujio la hewa, nikafunika distributa, kile kigawa umeme wa plagi, kwa mpira wa ndani wa tairi ili maji ya mitoni yasiizime injini. Nilipakia sepeto, mnyororo na jeki. Zilibaki mbao mbili nene, ambazo bila hizo jeki huzama topeni kama kijiko ndani ya uji. Niliziegemeza ukutani nyuma ya karakana. Kisha nikachukua karatasi ya ukaguzi, na mbele ya neno "mbao" nikatia tiki. Chuoni tulifundishwa kwamba tiki ya fundi ni kiapo. Nilijua nilichokuwa nikifanya. Nikaomba kwenda naye, na akafurahi kupata fundi wa safari.

Mvua ilitukuta tukikaribia bonde. Gari lilizama hadi ekseli, umbali wa kuiona nyumba yetu. Jeki ikazama nayo.

"Mbao ziko wapi?"

"Hazipo, Mzee."

Alitukana kwa muda, halafu akanyoosha kidole mlimani. "Basi kimbia pale juu. Wana makapu yao ya manyasi."

"Ule ni uwele," nikasema. "Mara ile ulitandika wa mama yangu."

Alinitazama, mvua ikimtiririka kidevuni. "Sasa tutandike nini?"

Nilifungua mlango wa nyuma. Godoro lake nikalisukuma chini ya gurudumu la kushoto, hema lake chini ya la kulia, na mablanketi nikayajaza palipobaki.

"Wewe! Godoro hilo halina hata mwezi!"

"Ndiyo zuri, Mzee. Jipya hushika."

Akabaki na koti. Nikanyoosha mkono, nikasubiri hadi akalivua mwenyewe, nikalitandika nalo. Gari lilipanda likiyararua yote, na kwa kuwa hakuwa tena na pa kulala, tuligeuza kurudi Dodoma, naye akitetemeka kwa baridi usukani. Sijawahi kuifurahia safari yoyote kama ile.

Karakanani fundi mkuu alinisubiri, karatasi mkononi, mbao zikiwa ukutani nyuma yake.

"Tiki hii ni ya nani?"

"Yangu, fundi."

Nilimweleza habari ya kihenge. Alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo umemweza, na mimi simwonei huruma," akasema. "Lakini kesho atakuja mtu na wanawe, ataisoma tiki yako, ataingia porini. Mimi nitamwambia nini? Kusanya vifaa vyako."

Nilivikusanya. Sijajuta juu ya godoro, wala hema, wala baridi iliyomtetemesha mtu yule. Ningerudishiwa asubuhi ile, mbao ningeziacha palepale ukutani. Ila kwenye karatasi ningeandika "hazipo", kwa herufi kubwa, nimkabidhi mwenye gari aisome.