Benedicta na Picha za Kinamama wa Nyanya

Kwa miaka kumi na moja Benedicta Kalinga alipiga picha za pasipoti na za harusi pale Ilula, na kila mwanamke aliyeingia studio yake alitaka aonekane kama hajawahi kushika jembe.

Siku moja, akiwa kando ya barabara na kamera yake, alimwona jirani yake Marta, mjane, ndoo ya nyanya kichwani na nyingine mkononi, akilikimbilia basi lililosimama. Akabonyeza.

"Jamani, dada Bene! Ungeningoja nibadilishe hata kitenge!"

"Nakutaka hivyo hivyo, mama Ombeni."

Alipopelekewa picha, Marta aliisogeza karibu na macho. "Kumbe nakimbiaga hivi! Wapige na wengine."

Basi akawapiga: wanaomwagilia, wanaochambua nyanya, wanaogongomea misumari matenga ya mbao. Ikapita miaka miwili. Mumewe, Dastan, alimwuliza picha hizo atampa nani. Akaendelea tu kupiga.

Kisha, kwenye mkutano wa hadhara, kamati ya soko ikasoma majina ya watakaopewa vizimba vya kuuzia kwenye soko jipya. Wanaume themanini na wanne, mwanamke hakuna. "Kinamama wanasaidia tu waume zao," alisema mwenyekiti, mzee Sosthenes. Zikazuka kelele, mkutano ukaahirishwa kwa wiki moja.

Wiki ile Benedicta hakulala vizuri. Alisafisha picha tisini, akazibana kwa vibanio vya nguo kwenye kamba katika ukumbi wa mkutano, na chini ya kila moja akaandika jina la mwanamke, kazi yake, na miaka aliyoifanya.

Siku ya mkutano mzee Sosthenes alizipitia, mikono nyuma, hadi kwenye picha ya mwanamke anayeinua tenga kulipandisha kwenye lori la fuso, jasho likimtiririka. *Tusajigwe, mpakiaji na muuzaji, miaka kumi na tisa.*

Akamgeukia mkewe. "Mama, huyu ni wewe?"

"Ni mimi. Ulidhani nyanya zetu zinapandaga fuso zenyewe?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee naye akacheka, akajifuta uso, akaomba kalamu.

Orodha mpya ilikuwa na wanawake arobaini na mmoja. Marta alipata kizimba cha mbele kabisa, kinachotazama lami.

Miezi mitatu baadaye picha zilitundikwa kwenye maonyesho Iringa mjini. Kinamama walikodi Kosta nzima, wakashuka wakiimba, kila mmoja akimvuta mgeni mkono: "Njoo unione!" Mama mmoja wa Mbeya alimsogelea Benedicta, akaanza kueleza kuhusu wanawake wanaolima viazi kule Uyole.

"Nitakuja," alisema Benedicta, kabla hata hajaulizwa.