Vistari Viwili Kwenye Kisanduku cha Pili

Swali lililoninyima usingizi siku tatu lilikuwa hili: mwongozo wa kurasa kumi na tisa unaweza kuwa na hatia kwa jambo ambalo haukulisema? Nilijipindua kwenye kochi la shangazi, mtaani Buruburu, nikijishtaki na kujitetea, na kesi nikishindwa pande zote mbili.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, chama kimoja cha ushirika kikaniajiri kuandika maelezo ya programu yao ya kompyuta. Ndani ya hifadhidata yao kulikuwa na utaratibu wa kutoa orodha za wanachama. Haukuwa na swali la kuiuliza hifadhidata lililo tayari. Uliliunda papo hapo kwa kuunganisha maneno unayoandika kwenye visanduku viwili: cha kwanza mtaa, cha pili sharti la ziada. Mwishoni uliongeza wenyewe sharti la kuwaacha waliofariki. Nilieleza hayo yote mwongozoni. Nilieleza hata maana ya kompyuta, kwa watu walioitumia tangu nikiwa sekondari. Sikusema kitu kimoja tu: kama huna sharti la ziada, ufanye nini.

Karani wetu, mama aliyejaza fomu maisha yake yote, alijua la kufanya. Nafasi kwenye fomu haiachwi wazi, mtu asije akaongeza lake. Aliandika Dandora kwenye kisanduku cha kwanza, na kwenye cha pili akagonga vistari viwili. Kwa mashine ile, vistari viwili ni amri ya kupuuza yote yanayofuata, likiwemo lile sharti la waliofariki. Basi barua za mkutano wa mwaka zikaenda kwa walio hai na wasio hai. Mjane mmoja alikuja na ya mumewe, iliyosema tunatarajia kukuona bila kukosa, akaiweka mezani, akaondoka.

Meneja akasema karani ataandikiwa onyo la mwisho; kosa jingine dogo, aende nyumbani. Nilikuwepo. Nilikuwa nachonga penseli iliyokwisha kuchongoka.

Siku ya nne nilimwendea mama huyo mezani kwake nikaanza kujieleza, kuanzia chimbuko la hifadhidata duniani. Alinikatiza.

"Profesa, huo mwongozo wako niliusoma mara mbili. Nikadhani ni mimi sielewi."

Nadhani hapo ndipo nilipoacha kufikiri, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Niliingia kwa meneja nikamwambia kosa ni langu, onyo liandikwe kwa jina langu. Akauliza kama nina hakika. Sikuwa na hakika hata ya tarehe ya siku hiyo, lakini nikaitikia.

Kisha nikarudi, nikavuta kiti kando ya mama, tukauandika mwongozo upya, yeye akiuliza na mimi nikijibu. Ulitoshea karatasi moja. Mstari wa kwanza aliutunga yeye: "Huna la kuongeza? Acha wazi. Usichore kitu."