Wingu Moja Tu

Jirani yangu hapa Toledo ana gari la viti viwili lenye paa la kukunja, la mwaka hamsini na saba, alilolifufua kwa mikono yake. Kila Jumamosi hulifuta kwa kitambaa laini, polepole kama anayemwosha mtoto uso, kisha hutazama angani. Akiona wingu moja tu, gari halitoki. "Hilo gari au yai?" mimi humtania. Hunijibu kwa mluzi.

Jumamosi iliyopita mkewe, Arlene, alikuwa ametoka hospitali, kofia ya sufu kichwani. Manyunyu yakaanza, naye akaingia garini.

"Kunja paa, mzee."

"Mvua hiyo, mama!"

"Dari ya hospitali nimeitazama vya kutosha. Kunja!"

Akakunja. Walinipita wamelowa chapachapa, mzee akipiga mluzi. Kitambaa alikiacha kwenye uzio wangu. Mpaka leo hajakiulizia.